Milimita kwa Saa

Hukumu ya Togolani Mbwambo ilisomwa asubuhi, na kabla watu hawajanywa chai ya saa nne ilikuwa imeshafika mezani kwa Namsifu Mgonja ili aitekeleze. Haikuwa na maneno mengi. Baraza la Maji lilikuwa limemwona mwangalizi huyo wa mnara wa Vumbari kuwa na hatia ya uzembe uliosababisha vifo, na kwa hiyo shamba lake linyimwe mvua kwa misimu mitatu. Jirani atakayempa maji ya kumwagilia, naye shamba lake lirukwe.

Miaka hiyo huko Upareni hakuna aliyefungwa jela kwa makosa ya maji. Mvua ya kuja yenyewe ilikuwa imeshakoma, milima ikajengewa minara ya kuyavuta mawingu na kuyakamua mahali panapotakiwa, na tangu hapo adhabu iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa kurukwa. Minara ilikuwa na shabaha kali. Iliweza kunyeshea migomba ya mtu na kuiacha tangawizi ya jirani yake kavu, mpaka ukisimama mpakani bega moja linalowa na jingine halilowi. Shamba lililorukwa lilijulikana kutoka mlima wa pili, kipande cha kijivu katikati ya kijani.

Namsifu alikuwa mhandisi mkuu wa hesabu katika Mamlaka ya Mawingu. Minara yote ilinyesha kwa kanuni alizoziandika yeye, na hukumu za Baraza zilipitia mikononi mwake kwa sababu mtambo haukujua hakimu wala mshtakiwa, ulijua mipaka na viwango tu. Alikuwa ameshaingiza hukumu kadhaa, za watu waliojielekezea mawingu ya wenzao, na akala chakula chake cha mchana bila shida. Hii ya Togolani ilimkalia vibaya tangu alipoiona.

Alikuwa na sababu, ila hakuwa amejiambia. Tangu mafuriko ya Vumbari hakuwahi kufungua kumbukumbu za mvua ya siku ile. Kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa jambo la ajabu. Tume ya uchunguzi ilizifungua, ikakuta swali ambalo mtambo humuuliza kila mwangalizi kabla ya kumwaga maji, Bonde liko tayari?, ikakuta na jibu la Togolani, Liko tayari, ikaridhika. Namsifu alijiambia kwamba si adabu kuchungulia kazi ya tume. Mara nyingine alijiambia kwamba ana shughuli nyingi. Sasa ili auonyeshe mtambo shamba la kurukwa ilimbidi afungue ramani ya Vumbari, na ramani ilipofunguka ilikuja na kumbukumbu zake zote.

Ilikuwa mistari michache tu. Udongo wa bonde ulikuwa na nafasi ya kunywa milimita kumi na mbili za maji. Mifereji na mto vilikuwa na uwezo wa kuondoa milimita thelathini kwa saa. Mtambo ulijumlisha kumi na mbili na thelathini, ukapata arobaini na mbili, ukamwaga arobaini na mbili.

Akasoma tena, polepole, huku akijua ameshaona.

Kumi na mbili ilikuwa milimita. Thelathini ilikuwa milimita kwa saa. Vitu hivyo viwili havijumlishwi, kama usivyoweza kujumlisha maji yaliyomo ndooni na kasi ya bomba linaloijaza. Lazima kwanza useme bomba limefunguliwa kwa muda gani. Ile thelathini ilipaswa kuzidishwa kwa muda wa mvua. Kanuni yake haikuzidisha. Katika majaribio mvua zote zilikuwa za saa moja, na namba ukiizidisha kwa moja haibadiliki, kwa hiyo majibu yalitoka sahihi kila mara na yeye akapigiwa makofi. Vumbari lilikuwa bonde la kwanza kunyeshewa mvua mpya za mkupuo, zinazoshuka kwa dakika kumi kisha zinakatika. Katika dakika kumi mto ule haukuweza kuondoa zaidi ya milimita tano. Kumi na mbili na tano. Bonde lilikuwa na uwezo wa kupokea milimita kumi na saba.

Alisukuma kiti nyuma akaenda dirishani. Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilimuuma kuliko la kwanza, kwa kuwa kukosea kanuni ni kitu kinachompata kila mhandisi na ndiyo maana mtambo ulijengwa usikubali. Zamani kila namba iliingia mtamboni ikiwa na kizio chake, mita au sekunde au lita, na mlangoni palikuwa na kikaguzi kilichotazama kila hesabu. Ukileta milimita ujumlishe na milimita, pita. Ukileta milimita na milimita kwa saa, kinakurudisha ukajifikirie.

Yeye ndiye aliyekifumba macho. Minara ya zamani ilituma namba tupu zisizo na vizio, kikaguzi kikawa kinazikataa, hesabu zikawa zinakwama, na wiki ile wajumbe wa Baraza walikuwa wanakuja kutazama mvua za mkupuo. Akaandika amri fupi ya kuruhusu namba tupu, kwa nia ya kuifuta wageni wakishaondoka. Mvua ya maonyesho ilishuka vizuri juu ya uwanja wa mpira, wajumbe wakaondoka wakicheka na mabega yaliyolowa. Yeye akapandishwa cheo. Amri ile ilibaki.

*

Mkurugenzi Kirisha Mshana alimsikiliza bila kumkatiza. Ndiye aliyempokea Namsifu alipokuja kujifunza kazi, akamfundisha kusoma mawingu kwenye kioo, akamsimamia hata siku ya harusi yake kwa kuwa baba yake hakuwa hai. Namsifu alipomaliza, mkurugenzi aliuliza kama kuna mtu mwingine ameshaambiwa. Hakuna.

Akamwita dirishani. Chini ya milima tambarare ilikuwa imeenea mpaka macho yanapokoma, yote mahindi, na mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yakitoa mbelewele. Mkurugenzi hakupaza sauti. Alieleza kwamba akilipeleka jambo hili Barazani, sheria haina njia mbili: minara yote itazimwa mpaka kila kanuni ichunguzwe, na kazi hiyo ni ya msimu mzima. Wanaokula mahindi hayo ni wengi kuliko watu wa milimani wote. Waliokufa Vumbari hawatarudi.

"Mahindi yaliyofika hapo yanavumilia muda gani bila maji?" akauliza.

Namsifu akasema wiki mbili, labda na siku kidogo.

"Basi unajua unachoniomba. Rekebisha huo mstari. Hukumu iingize. Mwakani nitampeleka yule mzee Barazani kwa sura ya huruma, watamsamehe."

"Mkuu, yule mzee hana kosa."

"Aliulizwa akajibu," alisema Kirisha, na kwa namna alivyoangalia pembeni Namsifu alitambua kwamba hata yeye jibu hilo halimtoshi.

Alirudi mezani kwake. Aliandika palipokosekana muda wa mvua, akajaribu hesabu ya Vumbari upya, mtambo ukatoa kumi na saba. Alikaa akiitazama hiyo kumi na saba kwa kitambo. Halafu akafungua ramani, akalitafuta shamba la Togolani Mbwambo, mtambo ukachora mpaka wake kwa rangi nyekundu kutoka kwenye kumbukumbu za ardhi, naye akathibitisha. Siku zilizofuata, akikumbuka, hilo ndilo lililomtisha: kwamba alithibitisha kwa mkono mtulivu, kisha akaenda kununua ndizi njiani, akachagua zilizoiva vizuri.

Usingizi ulimhama. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni kazi. Ofisini alianza kukaa mbali na dirisha. Kila mvua ya Vumbari ilipopangwa alikuta jicho lake linakwenda lenyewe kwenye kile kipande chekundu kwenye ramani, namna ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Mwishowe aliomba ruhusa ya kwenda kukagua mnara wa huko. Hapakuwa na cha kukagua. Alitaka kwenda tu, bila kujua akifika atasema nini.

*

Njia ya Vumbari ilikuwa bado na makovu. Mawe makubwa kama nyumba za kuku yalikuwa yamelala katikati ya mashamba, mbali na yalikotoka, na migomba ilikuwa imelazwa upande mmoja, vichwa vyote vikielekea mtoni. Mahali palipokuwa na nyumba nne palibaki tope lililokauka na kupasuka. Mtu alikuwa amepanda maua pale, yale mekundu ya makaburini, na maua yalikuwa yameshika kwa kuwa mvua iliyafikia.

Shamba la Togolani lilikuwa juu kidogo. Halikuhitaji kuulizwa.

Mwenyewe alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, amevaa bado koti la kazi ambalo lilikuwa limeondolewa nembo ya Mamlaka, nyuzi zikining'inia. Namsifu akamwamkia, shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alijitambulisha kuwa anatoka Mamlakani, kwenye hesabu, akangoja kufukuzwa. Mzee alifurahi. Alisema tangu msiba ni mgeni wa kwanza kutoka huko kumfikia. Akamletea kigoda, akamletea makande kwenye bakuli, akaomba radhi kwamba hayana tui.

Walikuwa bado wanakula mvua ilipoanza. Ilikuwa mvua ya ratiba, ndogo, iliyopimwa vizuri. Iliteremka kwenye mashamba ya pande zote, ikapiga mabati ya majirani kwa kelele, na wao wakabaki wamekaa barazani kwenye ukavu, wakiangalia ukuta wa maji umesimama mwisho wa shamba kama pazia. Harufu ya udongo uliolowa iliwafikia. Vumbi la uani halikusogea. Mzee aliendelea kutafuna taratibu, kama mtu aliyeshazoea.

Namsifu hakuuliza kitu, lakini mzee alizungumza. Alisema baada ya mazishi alizunguka nyumba zote zenye misiba, moja baada ya nyingine, akaomba radhi. Wengine walimpokea. Naelijwa, jirani yake wa shamba la chini, ambaye mume wake na binti yake walikwenda na maji, alimsikiliza mpaka mwisho akafunga mlango bila neno. Mzee hakumlaumu.

"Asubuhi ile nilipita shambani, tope likanishika viatu," alisema. "Nikajiuliza kama ardhi haijashiba. Halafu mtambo ukaniuliza bonde liko tayari, na wenyewe umeshaandika hapo kwamba liko tayari. Nikasema mimi ni nani. Nikabonyeza." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Kwa hiyo usisikitike, mwanangu. Haki imetendeka. Ninachoomba ni kitu kidogo tu, na wala si kwa ajili yangu."

Akamwongoza mpaka mwisho wa shamba, karibu na ukingo wa mvua. Pale palikuwa na boma la miyuka, majani yaliyopandwa na mababu kuonyesha mpaka. Upande wa pili wa miyuka lilianza shamba la Naelijwa, mistari ya kahawa. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye shamba hilo, ila haikuanzia kwenye miyuka. Ilianzia mbele zaidi, na mistari minne mitano ya kwanza ya kahawa ilikuwa imenyauka, matawi yamegeuka rangi ya chai.

"Mstari wa adhabu umeingia kwake," Togolani alisema. "Yeye hajasema, nadhani anaona aibu kulalamika. Mimi nirukwe, sina neno. Lakini yule mama asirukwe kwa ajili yangu."

Namsifu alitoa kishikwambi kwenye mkoba ili asimtazame usoni. Alifungua mpaka aliouthibitisha mwenyewe. Urefu wa shamba uliandikwa mia moja. Akatafuta mia moja nini. Hapakuwa na kitu mbele ya ile namba, ilikuwa tupu, imeingia kutoka kwenye daftari za kale za ardhi na kupita mlangoni bila kuulizwa, na mtambo, kwa desturi yake, ukaichukua kuwa mita. Shamba lile lilipimwa zamani sana, wakati ardhi ya huko ikipimwa kwa yadi. Yadi mia moja haifiki mita mia moja. Inapungua karibu mita tisa. Hizo mita tisa ndizo zilizokuwa zimekauka mbele yake.

Hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa alichokifanya. Alikuwa amerekebisha mstari mmoja akadhani ameziba shimo. Akaanza kupekua, amesimama palepale, huku pazia la mvua likinyesha hatua chache mbele yake. Alikuta kasi za upepo zisizosema ni mita kwa sekunde au kilometa kwa saa. Alikuta uzito wa mawingu usiosema ni wa kilo au wa tani. Alikuta kanuni za wenzake, vijana aliowafundisha, ambao waliona amri yake inaharakisha kazi wakaiiga, wakaacha kabisa kuandika vizio. Nyingi ya namba hizo huenda zilikuwa sawa. Hakuweza kujua zipi. Kesho yake mikupuo mitatu ilikuwa imepangwa kwenye mabonde mengine, yote na watu ndani yake.

Alifikiria mahindi. Aliyaona vizuri, na mbelewele zake, na watu wanaoyangoja. Alijaribu kuweka hofu ya mabonde upande mmoja na njaa ya tambarare upande mwingine aone ipi nzito, akashindwa, kwa sababu moja ilikuwa labda na nyingine ilikuwa hakika, na hakujua kizio cha kuzilinganishia. Alichojua ni kwamba hawezi kumwomba mwangalizi mwingine yeyote abonyeze Liko tayari.

Akaifuta amri yake.

Kikaguzi kiliamka na kufanya kazi yake. Mnara juu ya kilima ulinguruma, ukatoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na mvua ikakatika bonde zima. Ukimya ulitanda. Majirani walitoka milangoni wakaangalia juu.

"Imekwisha mapema," alisema Togolani.

"Nimeizima, baba. Minara yote."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi kwenye ndoo na bomba, akaruka kwenye wageni wa Baraza. Mzee alisikiliza akiwa ameshika jani la muyuka. Alipofika kwenye kumi na saba mzee aliomba arudie, akarudia.

"Ulijua lini?" aliuliza Togolani.

Namsifu alikuwa ametegemea swali lolote ila hilo.

"Kabla ya kuchora mstari wako," alisema.

Togolani aliachia lile jani. Alipanda shambani kwake, akipita kwenye matuta makavu bila kuyakanyaga, kwa mazoea ya mkulima, akaingia ndani na kufunga mlango. Bakuli la makande la Namsifu lilibaki barazani, na hakuthubutu kwenda kulichukua.

*

Mambo yalikwenda kama Kirisha alivyosema yangekwenda. Baraza lilithibitisha kuzimwa kwa minara siku ileile. Mikupuo mitatu haikunyesha. Mkurugenzi aliitwa, akasema ukweli wote, pamoja na sehemu yake, akavua kitambulisho chake akakiweka mezani kabla hajaombwa. Walipokutana mlangoni hakumsalimu Namsifu. Alimwangalia kama mtu anayemwangalia mwanawe aliyechoma nyumba.

Hukumu ya Togolani ilifutwa. Haikumletea tone, kwa kuwa sasa kila shamba lilikuwa limerukwa. Kijani kiliondoka milimani taratibu mpaka kipande chake hakikuonekana tena tofauti.

Namsifu hakuwa na shamba la kunyimwa mvua, kwa hiyo Baraza lilimwamuru aketi katika ukumbi wa chini, ule ulio wazi kwa umma, azivishe namba zote vizio vyake, moja baada ya nyingine, akisaidiwa na wenzake na kukaguliwa na watu wa nje. Watu walikuja kumtazama. Wengine walimwambia waliyokuwa nayo moyoni, wengine walisimama tu. Aliwapigia simu watu wa vituo vya upepo, aliwatafuta wapima ardhi wastaafu, aliuliza, hii ni nini, ni futi au mita, ni kwa saa au kwa siku. Dirisha la ukumbi lilitazama barabara, na kwenye barabara yalianza kupita malori ya unga wa msaada yakiteremka tambarare, kwanza machache, baadaye kwa misafara. Mahindi yalikauka yakiwa yamesimama. Mjumbe mmoja wa Baraza, mwanamke asiyependa maneno, alimletea siku moja bua kavu, akaliweka juu ya meza yake, akaondoka. Namsifu hakulitoa.

Walikuta makosa mengi. Mengi yalikuwa madogo. Ile mikupuo mitatu ilipokokotolewa upya, miwili ilikuwa salama, na wa tatu ungezidisha maji kiasi, pengine kubomoa daraja, pengine kutobomoa. Hakuna lililoonekana wazi kwamba lingeua mtu. Kuna waliosema kwa sauti kwamba njaa ile ilikuwa ya bure. Namsifu hakuwajibu, kwa kuwa usiku na mchana yeye mwenyewe aliwaza hivyohivyo, na asubuhi iliyofuata alirudi tena kuketi na kuuliza, hii ni nini, ni kwa saa au kwa siku.

Mvua iliporuhusiwa tena, ujumbe ulimfikia kutoka Vumbari. Togolani alimtaka aende.

Alimkuta akimngoja njiani, amevaa shati la kanisani. Hawakuzungumza sana. Mzee hakusema amemsamehe na Namsifu hakuuliza. Walipokaribia shamba la kahawa ndipo alipotamka lililomfanya amwite.

"Mimi nilikuja kwa huyu mama kuomba radhi kwa jambo ambalo si langu lote," alisema. "Langu ni ule udongo ulionishika viatu nikaunyamazia. Hilo silikanushi hata leo. Lako lipeleke mwenyewe."

Naelijwa alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa mdogo kuliko Namsifu alivyofikiria, labda walilingana umri. Togolani alipiga hodi, akasema amekuja na mgeni, akajisogeza nyuma. Namsifu alisema jina lake na kazi yake. Akasema yeye ndiye aliyeandika kanuni ya ile mvua. Akaeleza safari hii kwa kufuata mpangilio, bila kuruka, hata zile ndizi alizonunua njiani akazisema, kwa kuwa aliona zisiposemwa atakuwa amedanganya. Mikono ya Naelijwa iliendelea na maharage kwa muda, ikaacha.

"Iliyotakiwa kunyesha ilikuwa ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba nini?"

"Milimita, mama," alisema Namsifu, na kwa kuwa yule mwanamke aliendelea kumtazama, aliinua mkono wake akamwonyesha kwenye kidole gumba. Pungufu kidogo ya upana wake.

Naelijwa aliangalia kidole gumba chake mwenyewe. Alikigeuza upande huu na upande ule. Aliweka ungo chini, akapitisha kidole hicho sakafuni, kwenye saruji ya kizingiti, kama anayekadiria maji ya kina hicho yangefika wapi, kama yangeweza hata kulowesha miguu ya mtoto aliyelala kwenye mkeka. Kidole kilibaki pale. Togolani aligeuza uso akatazama kahawa.

Namsifu alidhani sasa atafukuzwa, na alikuwa tayari kwa hilo. Alilitaka kabisa, kwa kuwa kufukuzwa kungekuwa na mwisho. Aliinamisha kichwa, akasema pole, akarudi nyuma hatua moja ili aondoke.

"Unakwenda wapi?" Naelijwa aliuliza. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Umenieleza habari za maji, nimezisikia. Binti yangu unamjua?"

"Hapana, mama."

"Hata jina?"

Namsifu alilijua jina, alilisoma kwenye ripoti ya tume, chini ya mengine. Alijaribu kulitamka likakataa kutoka.

Naelijwa alisogeza ungo ukutani akaacha nafasi kwenye kizingiti.

"Kaa chini," alisema. "Aliitwa Nakijwa."

Namsifu akavua viatu, akakaa. Mvua ya ratiba ilikuwa imeanza huko juu na ilikuwa inateremka shamba kwa shamba, na Naelijwa aliingoja ipite juu ya bati lao kwanza, ili asilazimike kupaza sauti. Halafu akaanza kusimulia, tangu siku mtoto alipozaliwa.